Ziara ya Walioshiba

Kosa lilikuwa la kwake mwenyewe. Miaka minne huyu binti anatembeza wageni mji mkongwe wa bandarini, akiwaonjesha hiki na kile, na anajua wazi kwamba njiani mtu huonja, mwisho ndipo hula. Lakini leo kila muuzaji aliyesikia "tunamalizia kwa mama" alifurahi akaongeza sahani. Muuza samaki alitoa wa pili bure. Mwoka mikate akawajaza mikono. Kufika saa sita, wageni saba walikuwa hoi, mikanda imelegezwa.

Na mama yuko jikoni. Tangu baba afariki, mwaka na nusu sasa, mgahawa wake wa meza tatu ulikuwa umefungwa. Kumbembeleza awashe jiko tena kulimtoa binti jasho.

"Sahani zikirudi na chakula," mama alimwambia asubuhi, "nafunga, na usinibembeleze tena." Na mama hana utani na jiko lake.

Basi binti akawatembeza ili njaa iwarudie. Aliwapandisha mnara wa taa, vidato tisini na sita, akawashusha. Forodha ya zamani waliizunguka mara mbili. Historia ikamwishia na watu bado wanacheua, ikabidi achote ya nyumbani.

"Ndani ya ghala hili la forodha mama yangu alikuwa akishona magunia, msichana wa miaka kumi na tisa. Mpakiaji mmoja akaja kuomba maji ya kunywa siku tano mfululizo. Ya sita mama akamuuliza, 'Kaka, una kiu au una lako jambo?'"

"Akajibu nini?" aliuliza bibi mmoja mgeni.

"Jibu si ndiye mimi hapa!"

Walicheka, naye akacheka nao. Hakuwahi kumtaja baba kazini.

Saa nane waliketi mezani. Mama alikuwa akigawa supu yule bibi alipomuuliza, "Ndiye wewe wa magunia?"

Mama alimkata binti jicho. Kisha akavuta kiti, akakaa katikati ya wageni.

"Siku saba," alisema. "Si tano. Huyu hakuwepo, anajuaje?"

Akawasimulia yote, nao wakala mpaka wakafuta sahani kwa mkate.

Walipoondoka, binti alimfuata jikoni.

"Nimewaona mkipita dirishani mara tatu," mama alisema bila kugeuka. "Nikajua umewashibisha. Nikapunguza moto."

"Mama, nisamehe, mimi..."

"Hebu nyamaza. Kesho anzia kwangu."