Kidole Tumbo na Kochi la Mwalimu Mkuu

Saratani zinazojiheshimu hushika ini au mapafu. Yangu ilichagua kidole tumbo, kiungo ambacho hata daktari alikiri hajui vizuri kazi yake. "Hii ni nadra sana," aliniambia, kwa furaha ya mtu aliyeokota kitu njiani. Walinipasua, wakakitoa, wakanimiminia dawa ya moto tumboni na kunisuuza kama chupa ya chai. Miezi sita baadaye wakanipiga picha. "Nenda nyumbani, mama. Tutakupigia."

Siku ya kumi na moja walikuwa bado hawajapiga. Mimi ni fundi makochi. Wateja huniita Mama Misumari kwa sababu nikifanya kazi naihifadhi mdomoni. Kochi la mwalimu mkuu nilikuwa nimelivisha kitambaa mara tatu, na mara tatu nimeanza kulivua. Halikuwa na kosa. Mikono ndiyo iliyokataa kutulia.

Wifi yangu akaingia karakana na ile sauti ya msibani.

"Pole, wifi. Umelala?"

"Kama gogo." Uongo mtupu.

"Mbona umekonda hivyo?"

"Nimekuachia wewe unene."

Akacheka, kisha akafunika mdomo kana kwamba amechekea maiti. Hapo nikachoka naye. Nikampa koleo. "Ng'oa misumari ya upande ule. Ukiharibu mbao, nakufukuza."

Baada ya dakika chache alisahau kunong'ona, akaanza kumteta kaka yake, yaani mume wangu, ambaye tangu nipasuliwe ndiye mpishi wa nyumba.

"Wali umeungua chini, juu mbichi. Kama wali ule umeshindwa kukuua, kansa itaweza wapi?"

Akashtuka na alilosema. Mimi nilicheka mpaka kovu likauma.

Ndipo simu ikalia, nami nina misumari sita mdomoni. Wifi akaipokea. "Subiri kidogo, daktari. Anatema misumari."

"Hatujaona uvimbe," daktari aliniambia. "Ila kuna kidoti karibu na ini. Huenda ni kovu tu. Tutarudia picha baada ya miezi mitatu."

"Huenda?"

"Ugonjwa wako tumeuona kwa watu wachache mno, mama. Nikisema nina hakika, nitakuwa nakudanganya."

Nilikaa kwenye kochi lililo uchi, springi zikinichoma makalio. Nilikuwa nimejiandaa kwa ndiyo na kwa hapana. Hiyo "huenda" sikuwa na pa kuiweka. Nikalia bila adabu, makamasi na yote. Wifi hakusema pole. Alinisogezea kipande cha kitambaa.

"Hicho cha mteja," nikamwambia.

"Penga. Utakata kingine."

Nikapenga.

Mwezi mmoja baadaye, Jumamosi, mwalimu mkuu alikuja, akalikalia kochi lake, akajipima huku na huku, akasema upande mmoja umelegea. Ni kweli. Ule ni upande aliopigilia wifi, ambaye siku hizi haondoki karakana na matusi yake yananoga. Picha nyingine bado wiki tisa.