Alama Kwenye Paji la Mzee Adinani

Mwishoni mwa Ramadhani, watu wa Gongoni walianza kumpa Mzee Adinani mkono kwa mikono miwili. Alikuwa ametokewa na alama nyeusi kwenye paji la uso, ukubwa wa kifungo cha koti, na kila aliyeiona alijua ni sijda, ile alama inayowatokea watu wanaolaza paji chini mbele ya Mungu mwaka nenda mwaka rudi. Bi Tunu wa nyumba ya pili alilisema hilo mbele ya wanawake waliokuwa wakipepeta mchele wa shughuli.

"Baba yako, Swaumu, ametuacha mbali. Sisi tunaswali, yeye anaongea na Mola Mwenyewe."

Swaumu alifurahi. Nani asingefurahi? Ndiye mtoto aliyebaki na mzee tangu mama yao alipofariki, na yeye mwenyewe alikuwa shahidi. Zamani baba yake aliswali kama fundi anayewahi kazi, kila kitu kwa kipimo chake. Siku hizi akishasujudu hainuki upesi. Swaumu alipita mlangoni na sinia la vitumbua akamkuta paji liko kwenye mkeka, akaenda jikoni, akarudi, bado liko pale. Alikuwa akinyata ili asimkatishe, huku akimwomba Mungu ampe na yeye japo robo ya unyenyekevu ule.

Mengine pia aliyaona, na kila moja alilipatia maelezo. Mzee aliacha kukaa barazani na mwenzake Masolwa kucheza bao. Alisema pale kuna umbea, unachafua ulimi. Alipokuwa akitembea ukumbini alipitisha kiganja ukutani. Swaumu akasema ufundi haumtoki mtu, hata seremala anakagua lipu. Chai aliitaka nusu kikombe. Taa ya chumbani ililala ikiwaka. Kandambili zake, ambazo zamani zilipiga sakafu kwa sauti ya kukata, sasa zilikokoteka, shwaa, shwaa, kama mtu anayefagia.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo Swaumu hakulipatia maelezo, kwa sababu hakupenda kulifikiria. Mwezi uliopita kaka yake Issa alipiga simu kutoka Mwanza. Simu ilikuwa mezani, spika imefunguliwa, na mzee alikuwa amekaa hapo hapo.

"Swaumu, siku mzee akidondoka, namfuata. Anahamia huku kwangu, nyumba tunaifunga. Sitaki mjadala."

Nyumba ile aliijenga babu wa mzee, na milango yote aliitengeneza mzee mwenyewe kwa mbao za mninga, mizito, yenye fremu pana za mtindo wa zamani. Aliinuka taratibu kwenda chumbani, na kwa kuwa Swaumu alikuwa anaaga kwenye simu, hakuona aliinuka vipi.

Ijumaa moja, kabla ya saa sita, Swaumu alikuwa uani anachambua maharage na Eustadia, mpangaji wa chumba cha uani. Eustadia ni mtu wa Ulyankulu, Mkatoliki wa rozari shingoni, na alikuwa ametoka huko jana yake baada ya kukaa msimu mzima shambani kwa ndugu zake. Maharage yalikuwa zawadi.

Mzee Adinani alitoka chumbani na kopo lake la udhu. Alikuwa na kanzu safi ya Ijumaa.

"Shikamoo, mzee," alisema Eustadia.

Mzee alisimama. Akashika nguzo ya varanda. Kisha akajibu, "Marahaba, mama. Huko hawajambo?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Alhamdulillahi." Aliiachia nguzo, akavuka ua hadi bafuni, akafunga mlango. Komeo la mti likaanguka mahali pake, tok.

Eustadia aliendelea kuutazama mlango ule, maharage yamesimama mkononi.

"Dada Swaumu, mzee aliangukia wapi?"

"Kuanguka? Nani kakwambia ameanguka?"

"Si pale usoni."

Swaumu alicheka. "Ile ni sijda, dada. Nyie watu wa rozari mnasugua magoti, sisi tunasugua paji. Mtaa mzima unamwonea wivu."

Eustadia naye akacheka, lakini kidogo. "Sawa. Ila magoti yangu nayasugua yote mawili. Ile ya mzee iko pembeni, juu ya nyusi. Anasujudu kiupandeupande?"

Mkono wa Swaumu ulisimama juu ya ungo.

"Na nilipomwamkia, amesimama kwanza ndiyo akajibu," Eustadia aliendelea, sauti imeshuka. "Kabla sijaenda shamba alikuwa anatujibu huku anapita, tena anatutania. Leo kutembea na kuongea havikai pamoja. Mama yangu alianza hivyo hivyo. Akawa anashika viti, tukasema uzee. Akaacha kwenda kwenye sala za jumuiya, tukasema kachoka na watu. Mpaka alipovunjika nyonga. Hakuinuka tena, dada. Mwaka haukuisha tukamzika."

Kichwani mwa Swaumu yale aliyokuwa ameyapanga vizuri yalianza kuporomoka, moja likiangusha jingine. Baraza ina ngazi mbili ndefu. Kikombe kilichojaa kinamwagika mkono ukiwa na kazi ya kushika ukuta. Taa inalala ikiwaka kwa mtu anayeliogopa giza la kwenda chooni. Na ile sijda ndefu, Mola amsamehe, hivi baba yake alikuwa anaomba kule chini, au alikuwa anashindwa kuinuka?

Ndipo aliposikia kwamba maji yamenyamaza bafuni.

Kopo lilianguka sakafuni, likabingirika, likatulia. Hakukuwa na kishindo kingine. Swaumu aliacha ungo akaenda mlangoni.

"Baba?"

Kimya. Katika nyumba ile, kama katika nyumba nyingi za Waislamu wa mjini, mtu aliye chooni au bafuni hasemi. Ukimwita, anakohoa, nawe unajua yupo na yu mzima. Mzee Adinani aliishika adabu hiyo tangu ujana wake na kuwafundisha wanawe kwa ukali. Kwa hiyo Swaumu alisimama akisubiri kikohozi.

Hakikuja.

"Baba, kohoa tu nisikie."

Kutoka msikitini adhana ya kwanza ilianza. Chini ya mlango ulipita mchirizi mwembamba wa maji, ukamlowesha vidole vya miguu. Swaumu aliutazama ukimpita. Mtoto wa kike haingii bafuni kwa baba yake. Hilo halikuhitaji kufundishwa na mtu.

"Baba," alisema, mdomo umegusa mbao, "Mungu anaijua shida yangu. Leo nijibu kwa mdomo."

Ilichukua muda. Kisha sauti ikatoka, ndogo, kama ya mtu aliyebeba mzigo.

"Niache natulia, mwanangu."

"Umekaa au umesimama?"

"Nimeshika."

"Umeshika nini?"

"Bomba."

Bomba lile lilikuwa linacheza ukutani tangu masika, na mzee mwenyewe ndiye aliyesema halifai kutegemewa hata na ndoo.

"Fungua komeo, baba."

"Nikiachia mkono, nakwenda chini." Akapumua. "Usimpigie Issa."

Swaumu alikimbia hadi chini ya varanda, penye sanduku la zana. Alipokuwa mdogo aliwahi kujifungia bafuni humo akalia mpaka akapaliwa, na baba yake alipitisha bapa la msumeno mwembamba kwenye upenyo wa mlango, akaliinua komeo toka nje huku akimwimbia. Alilitafuta bapa lile kati ya randa na patasi mpaka likamkata kidole. Hakusikia maumivu. Alirudi, akasema Bismillahi, akalipitisha kwenye upenyo.

Komeo halikusogea. Mti ulikuwa umevimba kwa unyevu. Ndani, bomba lililia, kriii, kisha vipande vya saruji vikadondoka kwenye maji.

"Taratibu," ilisema sauti ya mzee, na hata pale ilikuwa sauti ya fundi. "Usilisukume. Linyanyue kutokea chini kabisa. Tikisa mlango na mkono wa kushoto."

Alitikisa kwa kushoto, akanyanyua kwa kulia. Midomo yake ilikuwa inataja jina la Mungu bila yeye kujua. Komeo lilikwama, likakwama tena, halafu likaruka, na mlango ukamjia.

Mzee Adinani alikuwa ameupandisha mguu mmoja juu ya kiukuta cha kuoshea miguu na hakuweza kuuteremsha. Mikono yote miwili ilikuwa kwenye bomba, mwili umepinda, kanzu imelowa hadi magotini. Bomba lilikuwa limetoka ukutani kiasi cha kupitisha ngumi. Macho yake yalikuwa yamefumbwa.

Swaumu alimkumbatia kiunoni kwa nyuma. Alikuwa mzito kuliko alivyodhani, na sakafu ilikuwa inateleza. "Dada, njoo."

Eustadia alikuwa amesimama nje na kugeuzia uso upande, kwa heshima. Aliingia.

"Asinishike," mzee alisema, macho bado yamefumbwa. "Nina udhu. Yeye si mwanangu, atautengua."

"Udhu utautia tena, baba. Mguu mwingine nitakuletea kutoka wapi?"

Eustadia hakubishana na mtu. Alivua khanga aliyojitanda, akaizungusha mikononi mpaka vidole vikapotea. "Mimi sikushiki, mzee. Inakushika khanga."

Alimshika kwapa, Swaumu akauteremsha mguu kwa goti lake, na wote watatu wakarudi nyuma, nusu hatua kwa nusu hatua. Vidole vya mzee vilipoachia, bomba lilitoka zima zima, likaanguka pale alipokuwa amesimama, na maji yakaruka mpaka darini.

Walimkalisha uani kwenye kiti chenye mikono. Eustadia akaenda kufunga koki ya nje. Msikitini walikuwa wameshaanza hotuba. Kwa mara ya kwanza katika maisha aliyoyakumbuka Swaumu, baba yake alikosa Ijumaa akiwa na kanzu mwilini.

Alichuchumaa mbele yake, akamfuta miguu. "Hiyo ya usoni, baba. Ilikuwa nini?"

Mzee alitazama ukuta. "Kona ya kitanda. Nilipoamka kula daku." Baadaye kidogo akaongeza, "Nilitaka kukwambia asubuhi yake. Lakini nilipotoka nje, watu wakanipa mkono kwa mikono miwili. Ningesemaje?"

"Na kusujudu?"

"Nikiinua kichwa haraka, dunia inazunguka. Basi nakaa chini mpaka itulie." Alitabasamu kwa upande mmoja. "Lakini naomba pia. Ukiwa chini huko huna la kufanya ila kuomba."

Swaumu alitaka kucheka, akajikuta analia. Alijifuta kwa kiwiko.

Jioni walimpeleka zahanati kwa bajaji. Muuguzi alimpima presha akiwa amelala, akamsimamisha, akampima tena, kisha akaona kipimo kimeshuka, akamkalisha upesi. Aliuliza dawa zake za presha anazimeza vipi. Ikajulikana kwamba mzee hufunga Jumatatu na Alhamisi, na siku hizo vidonge vya asubuhi na vya jioni alivimeza kwa pamoja wakati wa kufuturu, ili asipunje dozi. Muuguzi hakumgombeza. Alisema daktari atavipanga upya na macho yapimwe. Na kila akitaka kuinuka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, anyooshe miguu, ndipo asimame. Akamgeukia Swaumu. "Mzee akianza kushika kuta, au akiacha kwenda mahali alipokuwa anapapenda, usingoje aanguke. Mlete."

Waliporudi, Bi Tunu alikuwa barazani. "Mzee wetu leo hakuonekana Ijumaa. Nikasema labda amezama kwenye sijda."

Swaumu alifungua mdomo, lakini mzee alimtangulia.

"Tunu, hii si sijda. Niliangukia kitanda."

Bi Tunu aliitazama ile alama, akaisogelea, akairudia kuitazama. "Basi hata kitanda chako kina baraka," alisema. Kisha kwa sauti nyingine kabisa akauliza, "Kwani mtu akiwa anashikashika meza akitembea, naye ni hivyo?"

"Nani?"

"Aa, nauliza tu." Lakini mkono wake ulikuwa umeshika fremu ya mlango.

"Kesho tutakwenda wote zahanati, Bi Tunu," Swaumu alisema, naye hakukataa.

Ilibaki simu. Swaumu aliiweka mezani na kuifungua spika, kama siku ile. Alipomwona baba yake ameikazia macho alijua anachoogopa, na hakikuwa mauti. Issa aliitika. Swaumu alimweleza yote, hakuficha kona ya kitanda wala bomba.

"Nilisema mimi," Issa alisema. "Nakuja kumchukua."

"Njoo," mzee alisema, akaiinamia simu. "Issa, nimekuficha, na kukuficha kungeniua bafuni leo. Sikufichi tena. Njoo, lakini usije na begi la kunibebea nguo. Njoo na bisibisi na kekee ya kutobolea. Mninga ninao darini. Nataka mikono ya mbao ya kushikia ukutani, toka chumbani hadi bafuni, na barazani kwenye zile ngazi. Ukimaliza, ukae wiki nzima unitazame natembea. Ukiona bado sifai kukaa hapa, nitapanda gari mwenyewe."

Issa alipumua kwa nguvu. "Wiki nzima, baba?"

"Wiki nzima. Na tutacheza bao."

"Mikono iwe na urefu gani toka chini?" aliuliza Issa, naye alikuwa mtoto wa seremala.

Mzee Adinani alisogea ukingoni mwa kiti, akanyoosha miguu, akasubiri, kisha akainuka. Swaumu alikuwa karibu naye bila kumgusa. Mzee alitembea hadi ukutani na kuuachia mkono wake uanguke pale unapotaka kushika wenyewe.

"Penseli," alisema.

Swaumu akachora mstari chini ya kiganja cha baba yake.