Picha ya Chumba cha Ndani

Bi Ashatu wa Zinga alimwambia binti yake siku moja, wakichambua mchicha, "Mina, sura ya mwenzio inanitoka. Nikifumba macho nakiona kiganja tu."

Mwenzio ni Adila, mdogo wake Mina, aliyefariki mwaka juzi kwa homa ya siku nne. Na huyo Adila, Mungu amrehemu, hakupenda kupigwa picha hata kidogo. Akiona simu imeinuliwa tu, mkono huo usoni. Mina alikuwa na picha zake hamsini na kitu kwenye simu, na zote ni kiganja, kiganja, kiganja. Akaamua kuzisafisha hivyo hivyo na kumtengenezea mama yake sanduku la kuzitunzia. Lakini sanduku la viganja vitupu si lingekuwa dhihaka? Sura ilikuwamo kwenye picha moja tu, na hiyo ilikuwa ya wizi.

Aliipiga Fukayosi, kwenye harusi ya binamu yao Saida, siku ya wanawake kucheza ndani. Chumba kile mwanamume haingii, na simu haiingii pia. Zote hutiwa kwenye beseni mlangoni, maana humo watu huvua mabaibui na mitandio wakacheza wapendavyo. Mina simu yake akaificha kifuani. Akampiga picha Adila bila mwenyewe kujua, kichwa wazi, nywele zimesukwa upya, anacheka na sambusa mkononi. Na aliyekaa mlangoni na beseni, akimwapisha kila aliyesema hana simu, ni nani? Bi Ashatu huyohuyo. Haya, nenda kamwambie mtu kama huyo, mama, picha hii hapa.

Mina akaanza na yaliyo rahisi. Fundi Mwinyijuma alimtengenezea sanduku la mninga, dogo, la kukaa mapajani. Ndani akalibandika kipande cha kanga ya Adila, kikajikunja pembeni, akakibandua, akakibandika tena. Akatia karafuu kwenye kitambaa kufukuzia mende. Kafuri aliikataa, kafuri inanuka msiba. Kazi ya siku mbili ikamla wiki mbili, na alijua fika kwamba anajichelewesha.

Dukani kwa Farhan, msafisha picha wa Bagamoyo mjini, viganja vilitoka bila shida. Ilipofika zamu ya ile moja, Mina akaivuta simu yake.

"Hii huitazami."

"Sasa dada, nitaisafishaje bila kuitazama?"

"Nielekeze mimi, wewe utoke nje."

Farhan akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki. Akamwonyesha pa kubonyeza, akatoka akasimama kibarazani, kaupa mlango mgongo.

"Umebonyeza?" akapaza sauti.

"Nimebonyeza! Haitoki!"

"Subiri!"

Mina na kusubiri wapi na wapi. Akabonyeza tena, na tena, na tena. Mashine ikanyamaza kidogo, kisha ikaanza kutema. Adila akatoka. Akatoka tena. Akatoka mara kumi na mbili, kichwa wazi, Mina anaokota huku jasho linamtiririka, "Astaghfirullah, basi, basi!" Akafuta kilichobaki kwenye mashine, akalipa, akaondoka na magendo yake mkobani.

Alikusudia kuzichoma kumi na moja. Lakini kila aliyoishika, mdogo wake anamcheka. Kiberiti kikamshinda, akazitia zote kwenye bahasha, bahasha akaiweka chini kabisa ya sanduku.

Bi Ashatu alipopewa sanduku alipekua kiganja baada ya kiganja mpaka akaifikia bahasha. Akaitoa picha ya kwanza. Kabla ya kusema lolote aliinuka akavuta pazia la dirisha.

"Hii umeipata wapi?"

"Nilificha simu, mama. Nisamehe."

"Nilikuapisha pale mlangoni."

"Ndiyo, mama."

"Ukaapa."

"Niliapa."

"Mwanamume gani kaiona?"

"Hakuna, wallahi."

Neno hilo wallahi lilimtoka akatamani alirudishe. Mama yake alizipanga picha mkekani moja moja, zote kumi na mbili, akainama juu yake muda mrefu.

"Mwanya," akasema. "Mina, mtoto wangu alikuwa na mwanya. Nilikuwa nimeshausahau."

Akalia, na Mina akalia. Hawakuwa wamelia hivyo tangu siku ya mazishi.

Wiki iliyofuata wanawake waliitwa kwenye hitima, wale wale waliocheza Fukayosi. Walimkuta Bi Ashatu mlangoni na beseni. Kila aliyetia simu alipewa picha moja.

"Hii usiipige picha, na mumeo asiione," alimwambia kila mmoja. "Itazame mwenyewe."

Mina alifika wa mwisho, na sufuria ya maandazi kiunoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Akaitoa simu yake kabla ya kuulizwa, akainama aitie kwenye beseni. Bi Ashatu akauweka mkono wake juu ya beseni, akamzuia.

"Wewe ingia nayo," akasema.