Harufu ya Kituo

Katika nchi ya Bwawani kila kitu kilikuwa na mpangilio. Mfalme Kiboko alishinda majini, kaacha macho na pua tu nje, na wananchi walishinda juani wakimshukuru kwa kuwaachia jua. Ulinzi ulikuwa wa Mbwa Mwitu. Hawa hawakuandika chochote. Ukiingia kituoni kwao, uwe umekamatwa au umepita kusalimia, Afande anainua mguu na kukukojolea kwato. Basi, umeingia kwenye kumbukumbu. Mvua haiitoi harufu ile, wala majivu.

Digidigi aliingia kituoni mara moja tu. Fisi alikuwa amembebea mwanawe wa kwanza mchana kweupe, majirani wanaona. Mama wa watu akakimbia kushtaki. Afande akamsikiliza vizuri, akapiga miayo, akainua mguu. Fisi hakuitwa.

"Anakaa mbali," Afande alisema.

Baadaye ikatoka amri: watoto wote washinde uwanja wa malezi, wazazi wakachimbe bwawa la Mfalme lipanuke. Akatafutwa mlezi. Digidigi akaomba kazi ile mbio mbio, maana alibakiwa na mtoto mmoja na alitaka awe machoni pake. Mwombaji mwingine alikuwa Fisi.

Baraza likakaa.

"Haya, Afande, nusa," Mfalme akaamuru.

Afande akamnusa Fisi toka masikio mpaka mkia. "Msafi, Mheshimiwa. Huyu hajawahi hata kukanyaga kituo."

Bata wa baraza wakapiga mabawa.

Afande akamgeukia Digidigi, akapiga chafya. "Huyu ananuka kituo."

"Nilikuja kushtaki, Afande! Si wewe mwenyewe ulinikojolea? Na niliyemshtaki ndiye huyo hapo!"

"Mama, pua yangu inajua nani kapita kituoni. Alifuata nini, hiyo si kazi ya pua."

"Hebu niambie, binti yangu," Mfalme akasema kwa upole. "Mnyama mwenye adabu zake anafuata nini polisi?"

"Mimi waliniibia mayai yote," Bata mkubwa akadakia, "na nilinyamaza. Si unaona nimekaa wapi?"

Fisi akainamisha kichwa. "Mheshimiwa, msimseme sana. Mama ana uchungu. Mimi mwanawe nitamtunza kama wangu. Watoto nawapenda mno."

Bata mmoja akafuta machozi. Fisi akapewa kazi.

Kesho yake Mbwa Mwitu walipita nyumba kwa nyumba wakiswaga wazazi na watoto. Fisi alisimama getini, kaoga, kachana manyoya.

"Karibu, mama. Huyu kakua! Ndiye wa mwisho?"

Digidigi alimnong'oneza mwanawe, "Kaa katikati ya wenzako. Usikae pembeni."

Jioni akamkuta mzima. Pembeni yake Swala alikuwa anaita jina la mwanawe, anaita tu, hakuna anayeitika. Kisha akageuka kukimbilia kituoni. Digidigi akamziba njia.

"Dada, una mtoto mwingine?"

"Ninaye, mchanga. Niache nipite!"

"Basi usiende. Utakuja kuhitaji kazi, nao watakunusa."

Swala akasimama. Akatazama kwato zake, safi kabisa, akarudi nyumbani.

Msimu ulipoisha, Afande alileta habari barazani kwamba kituo kimekauka, hakuna anayekuja. Mfalme akatoa kichwa chote majini, jambo la nadra, akampongeza Fisi kwa amani.