Mguu Usiouma

Orpah alikuwa akifagia kibanda chake cha ndizi, kama kila asubuhi kabla soko la Kosele halijachangamka, alipoona matone ya damu kwenye simenti. Alidhani paka wa buchani amepita na nyama. Akayafuata kwa macho: kutoka mlangoni, kuizunguka mikungu ya ndizi, mpaka pale aliposimama yeye mwenyewe.

Aliinua mguu wa kushoto. Msumari ulikuwa umetoboa patipati na kuzama kisiginoni. Akauvuta. Ulitoka taratibu, kama unatoka kwenye ndizi iliyoiva, naye hakusikia kitu.

Alifunga kitambaa haraka, akachungulia nje kama mtu aliyeiba.

Baadaye alikwenda duka la dawa, maana vidole navyo vilikuwa vikimwasha. Barnabas, muuzaji, alimpanua vidole vya mguu, akaona ngozi nyeupe inayobambuka. Akamweleza kwamba miguu hudanganya. Fangasi huwasha na kuchoma, ndiyo hii ya vidoleni. Sugu huuma ukikanyaga. Gauti huvimbisha dole gumba, hata shuka likiligusa mtu hulia. Kisha akabonyeza pembeni mwa kidonda cha msumari, akimtazama usoni.

"Hapa panauma, mama?"

Orpah akakunja uso. "Sana."

Barnabas akashusha pumzi. "Afadhali. Mimi naogopa ule usiouma."

Akampa dawa ya fangasi ya kupaka, akamsihi apitie hospitali achomwe sindano kwa sababu ya msumari, apimwe na sukari. Orpah aliitikia vizuri. Alipofika njia panda ya hospitali hakugeuza hata shingo. Dada yake Nyakerario, kule Karungu, alianza na mwasho huohuo. Alipokwenda kupimwa, alirudi na mguu mmoja. Nyumbani kwao hakuna aliyewahi kusema kwamba kidonda ndicho kilichoula mguu ule. Wote walisema ni hospitali.

Mwasho ukaisha, vidole vikapona. Chini ya soksi kisigino kilinyamaza tu, na kufikia Ijumaa kilikuwa na harufu ambayo Orpah aliisingizia ndizi zilizooza.

Sabato hiyo ilikuwa ya Meza ya Bwana, na kanisani kwao hakuna anayeikaribia meza hiyo kabla ya kuoshana miguu na mwenzake. Orpah alitaka kubaki kitandani, lakini Rael, muuza mitumba wa kibanda cha pili, alimpitia mapema akamngoja mlangoni akiimba.

Katika chumba cha akina mama mabeseni yalikuwa yamepangwa sakafuni. Rael akapiga magoti kwanza.

"Nyar Kisii, binti wa Kisii, leo soksi? Unamficha Yesu miguu?"

Wanawake wakacheka. Orpah naye akacheka, akavua soksi ya kulia, akaoshwa. Ile ya kushoto akaivua polepole, kitambaa kikiwa bado kimefungwa kisiginoni, akasema ni mkwaruzo tu. Rael alikuwa amegeuka kuomba maji mengine, kwani ya mwanzo yalikuwa yamepoa. Mama mmoja akamimina kutoka kwenye birika, akaenda kutafuta ya baridi ya kuchanganya. Orpah akautumbukiza mguu upesi, kitambaa kisionekane.

Rael akageuka, akaingiza mikono yake ndani ya beseni. Akaitoa ghafla, akaikumbatia kifuani.

Mvuke ulikuwa ukipanda baina yao. Rael aliutazama mguu ule umetulia ndani ya maji, ngozi ikianza kuwa nyekundu. Akautazama uso wa Orpah, ambao bado ulikuwa na tabasamu.

"Orpah," alisema kwa sauti ya chini. "Maji yakoje?"

Tabasamu likamtoka Orpah kidogo kidogo. Rael hakungoja jibu. Aliunyanyua mguu kwa mikono yake iliyoungua, akaulaza mapajani, juu ya gauni lake la Sabato, na kitambaa kikateleza kikaanguka.

"Sijui," Orpah akasema. "Sijui yakoje, Rael. Nilimdanganya Barnabas. Mguu huu siusikii, na naogopa wataukata."