Majibu Mazuri

Nurudini alitoka kijijini kwao, mpakani na Burundi, kwa bodaboda, ili alisikie swali lake likiulizwa kwenye baraza la madiwani. Alikaa nyuma kabisa, viti vya wananchi, kofia mkononi. Jumamosi moja mkewe alikuwa amefia njiani akipelekwa kwa baiskeli kujifungua, kwa sababu gari la wagonjwa halikuwepo.

Diwani wake, Mama Stumai, alilisoma swali bila kuinua macho. "Jumamosi ile gari la wagonjwa lilikuwa wapi?"

Alijua lilikuwa wapi. Lilikuwa Kasulu, limeegeshwa nje ya ukumbi wa sendofu, sherehe ya kumuaga mpwa wake anayeolewa, na yeye diwani mwenyewe yumo ndani anacheza. Aliliomba mwenyewe kwa mganga mkuu, kwa simu: "Daktari, nisogezeni tu, nitarudi mapema." Upuuzi mtupu! Nani anarudi mapema kutoka kwenye sendofu?

Mganga mkuu, Dokta Cleophas, alisimama kujibu. Alimtazama Mama Stumai kidogo, kisha akainamia karatasi yake. "Mheshimiwa Mwenyekiti, gari lilikuwa kwenye matengenezo."

"Mheshimiwa diwani, una swali la nyongeza?" aliuliza mwenyekiti.

Mama Stumai alinyanyuka. "Sina, Mheshimiwa Mwenyekiti. Nashukuru kwa majibu mazuri."

Kikao kilipokwisha, Nurudini alimsubiri mlangoni. Aliushika mkono wake kwa mikono yake yote miwili, akainama.

"Mungu akuzidishie, mama," alisema. "Ni wewe peke yako uliyetuonea huruma."