Mzee wa Nyambizi Yetu

Tulimwita Mzee, ingawa Detlev Harmsen hakuwa ametimiza hata miaka thelathini alipokabidhiwa nyambizi yetu pale Kiel, Ujerumani, mwaka 1940. Mimi nilikuwa fundi wake wa injini. Siku ya kwanza alinikuta nimejaa grisi mpaka masikioni.

"Fundi, hili dude litazama?"

"Litazama, Mzee."

"Kuzama hata jiwe linazama. Litaibuka?"

Nilicheka, na toka hapo nikampenda.

Mwaka ule wa kwanza ulikuwa wetu. Kila tuliporudi Lorient, kituo chetu kule Ufaransa, bendi ilitupigia gatini, na wasichana wakatuvisha maua huku tukinuka dizeli na soksi. Baharini mikate iliota ukungu mweupe kama manyoya. Tuliiita sungura, tukachokonoa cha katikati tukala. Mzee alikula hivyo hivyo.

Karibu na Freetown tulizamisha meli ya mizigo ya Waingereza. Ikabaki mashua moja, imejaa watu. Mzee akaamuru tuisogelee, akawapa maji, akawaonyesha nchi kavu iko upande gani. Nahodha wao, mtu mwenye mvi, alimshukuru kwa Kijerumani safi. Usiku ule Mzee alinifuata kwenye injini.

"Onno," akaniambia, "afadhali angenitukana."

Kufikia 1943 wawindaji tukawa windo. Ndege za adui zilitukuta Ghuba ya Biskaya. Tukazama haraka, mabomu yakatufuata huko huko chini, taa zikazimika, maji yakaanza kuingia kwangu, kwenye injini. Mzee akaketi sakafuni, akavua kofia.

"Wilke," akamwambia kijana wa redio, "mama mkwe wako anabisha hodi. Mwambie hatupo."

"Hasikii huyo, Mzee! Atavunja mlango!"

Tukaangua kicheko na machozi yanatutoka. Tulifika nyumbani tunavuja kama pakacha.

Baada ya hapo Mzee na mimi tulihamishwa kwenda Bahari ya Baltiki kufundisha wanamaji wapya. Alibishana na wakubwa wake, wapi! Nyambizi ikapewa kapteni mwingine. Mwezi Machi uliofuata ilitoka Lorient, Wilke na wenzake wote ndani, haikurudi. Habari zilipotufikia, Mzee aliwaruhusu wanafunzi, akanishika mkono tukatembea ufukweni. Aliwataja mmoja mmoja: huyu alikoroma kama trekta, yule aliiba sukari na kumsingizia mpishi.

Vita vilipokwisha alirudi kwao, pwani ya Husum, akaendesha kivuko cha visiwani. Kila kiangazi nilimtembelea. Tulimenya kamba wa kuchemsha, tukawasengenya wale vijana kana kwamba wako chumba cha pili. Safari moja nikamuuliza kama angekubali kurudi enzi zile.

"Vitani? Siendi, hata kwa bakora. Lakini watoto wale, Onno... laiti ningewapata tena, tunywe kikombe kimoja tu cha kahawa."

Nje mvua ilikuwa ikinyesha na abiria wameshapanga foleni gatini. Akajifuta mikono, akachukua koti lake, akaenda kuwavusha.